Majani ya Mkungu Yasichomwe, Yapelekwe TP

Wanachuo wenzangu, chuo chetu kina mikungu mingi kuliko hadubini. Habari ya hadubini tumeshailalamikia vya kutosha, na tutaendelea kuilalamikia. Leo naomba tuongelee mikungu.

Ukitoka hosteli kuwahi kipindi cha saa moja asubuhi lazima uipite. Chini ya kila mti kuna mama wa usafi na ufagio wake wa chelewa, anakusanya majani mekundu na ya kahawia, mengine marefu kuliko kiganja. Ikifika saa mbili rundo limeshawashwa moto. Moshi unaingia ukumbini kupitia yale madirisha yasiyofungika, mhadhiri anakohoa, sisi tunakohoa, somo linaendelea. Siku hiyohiyo mchana, mwanafunzi wa Ualimu anayejiandaa na TP yuko kwenye foleni steshenari ananunua manila na maka peni, akachore tangi la samaki, mishale ya mtiririko wa nishati, na majani yanayooza chini ya maji. Yaani asubuhi tunachoma kitu chenyewe, mchana tunatoa hela ya bumu kununua karatasi ya kukichorea.

Msimamo wangu ni kwamba majani ya mkungu yanayopukutika hapa chuoni yakusanywe, yakaushwe na kuhifadhiwa, ili kila mwalimu mwanafunzi wa Baiolojia au Kemia aondoke na bahasha yake kwenda shule aliyopangiwa. Nalisisitiza hilo neno kuhifadhi. Kufaragua zana tunafundishwa mpaka tunachoka, lakini namna ya kutunza tulichokipata ili kifike darasani miezi 5 baadaye kikiwa bado kizima, hiyo hakuna kozi inayoigusa.

Kwa wale ambao hawakukulia pwani, mkungu ninaousema si wa ndizi. Ni ule mti wa kivuli wenye matawi yaliyotanda ghorofa kwa ghorofa kama miavuli, unaozaa kungu, zile ambazo watoto wa pwani huzipasua kwa jiwe na kula kiini chake. Jina lake la kitaalamu ni Terminalia catappa. Uko kwenye pwani nyingi za joto, Asia hadi visiwa vya Pasifiki, kwa sababu tunda lake linaelea na linaweza kusafiri baharini. Na una tabia moja inayotuhusu sana: majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, na hayaanguki kwa kiasi kilekile mwaka mzima. Kuna wiki mti wote unawaka rangi na chini hapaonekani ardhi, halafu unatulia kwa muda mrefu. Ukisubiri TP ifike ndipo uinuke ukaokote, unaweza kukuta mti umejaa majani mabichi matupu. Na ukipangiwa Dodoma au Singida, huo mkungu wenyewe utautafuta.

Sasa haya majani yana nini? Wafugaji wa samaki wa mapambo wanayanunua kwa pesa. Ingia intaneti utayaona yamefungwa kumi kumi kwenye pakiti nadhifu, yamepigwa picha kama vile ni tumbaku ya mfalme. Thailand, nchi ya asili ya samaki mpiganaji anayeitwa Betta splendens, wafugaji wanayajua siku nyingi. Kinachotafutwa ni tanini, kile kitu kinachokufanya uhisi ulimi umekauka ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Jani likikaa kwenye maji, tanini na vitu vingine vya jamii hiyo vinatoka polepole, maji yanakuwa na rangi ya chai, mwanga unapungua, na kama maji hayana chokaa nyingi, pH inashuka kidogo.

Kuna samaki waliozaliwa kwa maji ya namna hiyo. Kule Brazil kuna mto unaitwa Rio Negro, maana yake Mto Mweusi, maji yake yamekolea rangi ya misitu. Karibu na sisi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuna ziwa linaitwa Mai-Ndombe. Hata bila kamusi, Mswahili akisikia "mai" ameshaelewa nusu. Jina zima ni maji meusi, na meusi kweli, kwa sababu hiyohiyo ya majani na mimea inayooza. Samaki wa maji kama hayo akiwekwa kwenye tangi jeupe lenye taa kali anajificha kutwa. Ukimwekea jani moja anatulia. Lakini si kila samaki anahitaji hivyo. Wale samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa wamezoea maji yenye pH ya juu. Wao majani ya mkungu hayawahusu, na mtu akikuambia kila tangi lazima liwe na jani, anakuuzia jani.

Hapohapo niseme la dawa. Wauzaji wanadai jani linatibu ukungu, vidonda, mapezi yaliyooza, msongo wa mawazo wa samaki, karibu waseme na mkosi. Ni kweli kwamba maabara zimeona vitu vilivyokamuliwa kutoka kwenye jani hili vikizuia baadhi ya bakteria. Ila kitu kilichokamuliwa na kukolezwa ni tofauti na jani moja kwenye lita 40 za maji. Sisi ni walimu watarajiwa. Tusiende kuwaambia wanafunzi wa kidato cha pili mambo ya vibandiko vya dukani.

Kuyaandaa kunaanza na kuchagua. Okota yaliyoanguka yenyewe. Jani bichi ulilolichuma bado lina sukari na utomvu, likiingia majini linaoza kwa fujo na kunuka. Usiokote chini ya mkungu ulioko kando ya barabara au maegesho ya magari, kwa sababu ya mafuta na vumbi la moshi, wala mahali palipopulizwa dawa ya wadudu hivi karibuni. Yenye kinyesi cha ndege, madoa ya ukungu au mashimo yenye vijidudu ndani yaache hapohapo. Ukishapata, yaoshe kwa maji matupu huku ukipitisha kitambaa au brashi laini pande zote mbili. Sabuni hapana, hata tone. Sabuni inaweza kuua samaki, na ikishaingia kwenye jani huna uhakika imetoka.

Halafu yaanike. Weka juu ya mkeka au wavu ulioinuliwa, jani moja moja, yasilaliane, mahali penye kivuli na upepo. Jua kali nalo linakausha, ila kingo zinajikunja na jani linakuwa kama kikombe, halipakiki vizuri. Mimi napendelea kivuli siku kadhaa, halafu jua la mchana mmoja la kumalizia. Kiangazi wiki moja hadi mbili inatosha. Kipindi cha masika huku Dar usijisumbue, hewa yenyewe imelowa. Jani litakaa wiki 3 na bado litapinda kama ngozi.

Kipimo ni kikonyo. Watu wanashika ubao wa jani, wanausikia unapwaya kama karatasi, wanasema tayari. Lakini kikonyo na ule mshipa mkuu wa katikati ndiyo vinavyobaki na maji mwisho kabisa. Kivunje. Kikikatika kwa mlio, kama kijiti cha kiberiti, limekauka. Kikipinda, rudisha kwenye mkeka. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote, na mtu akikiruka jasho lote la mwanzo linapotea.

Rumeti wangu, kijana wa Jiografia ambaye anaamini kila kitu kinawekwa kwenye nailoni, alifanya yake. Alichukua majani yaliyokauka nusu, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akakaza fundo na kusukuma chini ya kitanda. Baada ya siku kumi tulikuwa tunaishi na kitu. Maji yaliyobaki kwenye vikonyo yalikuwa yametoka, yakakosa pa kwenda, na mfuko mzima umeota manyoya meupe na kijivu. Majani ya namna hiyo hayaoshwi wala hayaokolewi. Yanakwenda shimo la mboji.

Kwa hiyo wiki 2 za kwanza baada ya kukausha, yaweke kwenye kitu kinachopumua: bahasha ya kaki, boksi la karatasi, au ile mifuko mbadala ya kitambaa iliyotuingia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka 2019. Ile mifuko wengi wanaidharau kwa kuwa inapitisha maji, na hapa sifa yake ni hiyohiyo. Fungua kila baada ya siku chache, nusa. Jani zuri linanuka kama msitu mkavu, au kama chai ya pakiti. Ukisikia harufu ya godoro lililolowa, toa yote yaanikwe upya. Yakipita wiki hizo mbili bila tatizo, hapo sasa unaweza kuyafunga kwenye ndoo yenye mfuniko au chombo cha plastiki kinachobana. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya usivitupe, vitie humo vifyonze unyevu. Chombo kikae mbali na jua na kisigusane na sakafu, kwa sababu sakafu ya simenti inatoa unyevunyevu na mende wa hosteli tunawajua wenyewe. Andika juu yake tarehe na mti ulikookotea. Mwenye friza anaweza kuyalaza humo siku mbili tatu kabla ya kuyahifadhi, ili kuua wadudu na mayai yao. Asiye na friza akague kila mwezi. Yakitunzwa hivi yanafika mwaka na zaidi.

Sasa shuleni. Huhitaji tangi la kioo. Dumu la maji ya kunywa la lita 12, lile angavu, likikatwa juu ni tangi tosha. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 klorini ipungue. Jani limwagie maji yaliyochemka na liache dakika 10, lilainike na vijidudu vife, kisha umwage hayo maji. Kipimo cha kawaida ni jani moja kubwa kwa lita 20 hadi 40, kwa hiyo dumu lako linahitaji nusu jani, usiwe na tamaa. Majani yakizidi, bakteria wanaoyaozesha wanamaliza oksijeni, na asubuhi utakuta samaki wako juu wanahema midomo nje. Nusu jani litaelea siku moja mbili, litazama, na ndani ya wiki litavaa utando mweupe wa utelezi. Wanafunzi watasema limeoza, limwagwe. Usikubali. Ule utando ni bakteria na fangasi kazini, na somo lenu liko hapo. Ngazi ile ya wavunjavunjaji, ambayo kwenye manila huwa ni kiboksi kidogo pembeni kilichoandikwa kwa wino uliokwisha, hapa inaguswa kwa kidole.

Na kuna mengi zaidi ya ikolojia. Chukua madumu mawili, moja la maji ya mvua, jingine la maji ya kisima cha pwani yenye chokaa, kila moja nusu jani. Baada ya wiki pima kwa karatasi ya litmasi, au kwa maji ya rozela kama litmasi hakuna. Yote mawili yatakuwa na rangi ya chai, lakini ya mvua ndiyo yatakayoelekea kwenye uasidi; ya kisima yatagoma, kwa sababu chokaa inakula asidi inapojitokeza. Niambie ni manila gani inayoonyesha hivyo. Au chemsha majani mawili kwenye maji kidogo mpaka yawe mazito, tia msumari wenye kutu, acha mpaka kesho. Maji yanakuwa meusi: chuma na tanini vimeungana, na wino wa kale wa kuandikia vitabu ulitengenezwa kwa mmenyuko wa jamii hiyohiyo. Mwanafunzi anaweza kuchovya kijiti na kuandika jina lake. Mimi sijui darasa ambalo halitanyamaza hapo.

Tahadhari ni mbili tatu, na hizi msizichezee. Dumu lisilo na samaki lifunikwe kwa kipande cha chandarua, vinginevyo umeanzisha shamba la mbu shuleni. Konokono wa bwawani usitumbukize mkono kumtafuta, kichocho hakina mzaha. Tumia gupi watatu au kifaranga cha perege kutoka kwa mfugaji, nao watakula viluwiluwi vya mbu. Na ukiwa bara ambako mkungu hakuna, na bahasha yako imekwisha, majani makavu ya mpera, mfenesi na mgomba yanafanya kazi kwa kanuni zilezile za kuokota na kukausha. Ila usiokote lolote tu. Mwarobaini hapana, mkaratusi hapana, mnyaa hapana, na utupa ndio kabisa: wavuvi haramu wanautumia kuulia samaki mtoni.

Rafiki yangu wa mwaka wa 3 aliposikia wazo hili alinijia juu. Aliniambia sisi ndio tunaofanya shule zisipelekewe maabara, kila tukiona takataka tunaita zana, na wenye pesa wanapumua. Ana haki ya kuudhika. Neno kufaragua limekuwa blanketi. Mwalimu akiomba bureti anaambiwa awe mbunifu. Jani la mkungu halikuonyeshi seli wala halifanyi kazi ya bureti, na anayetaka kulitumia kama kisingizio cha kutonunua vifaa apingwe. Lakini hapa rafiki yangu anachanganya vitu. Shule yenye maabara iliyokamilika, ikitaka kufundisha maji meusi na uozaji, ingelazimika kutafuta jani lilelile, pengine kwa kulinunua kwenye pakiti nadhifu kutoka ng'ambo. Jani halijakaa badala ya kitu. Kilichokaa badala ya kitu ni ile manila.

Wapo pia wenye macho ya fursa. Nimeshaulizwa mara nne kama tunaweza kufungua kampuni tukayauza Ulaya. Labda. Mazao ya mimea yakivuka mpaka yanadai ukaguzi na cheti cha afya ya mimea, na mnunuzi wa kule anataka majani yenye ukubwa sawa, yasiyo na doa, kila mwezi. Mtu ambaye hajawahi kuhifadhi majani 20 kwa miezi 6 yasiote ukungu, hayo ya Ulaya ayaache kwanza.

Ninachoomba kwa serikali ya wanafunzi ni kidogo. Izungumze na ofisi inayosimamia usafi ili mikungu michache, ile iliyo mbali na maegesho, rundo lake lisichomwe. Itupatie chumba kimoja chenye madirisha yanayopitisha upepo na nyavu chache za kuanikia. Kazi ya kuokota na kuchambua tusiitupie wale akina mama. Wanalipwa kidogo kwa eneo kubwa, na kutenganisha majani si sehemu ya mkataba wao. Sisi tuamke saa kumi na mbili, tuokote kabla hawajafika na fagio. Walimu wanafunzi 100 kwa majani 12 kila mmoja ni majani 1,200, kazi ya asubuhi chache kwa kikundi cha watu 20.

TP inaanza Julai. Majani yanatakiwa yawe yamekauka na kufungwa kabla masika haijaingia, yaani Februari hii na mapema Machi. Mikungu ya nyuma ya maktaba imeanza kuwa myekundu wiki hii.